Uvimbe mkali wa ubongo: Uliza haya kabla ya kuuza shamba

Juma hili tuzungumze juu ya ugonjwa usioonekana mara nyingi, lakini ambao ukiingia bomani huweza kumaliza mgonjwa na mali yake kwa mkupuo mmoja. Ni ile saratani ya ubongo iliyo kali kuliko zote, ambayo madaktari huiita glioblastoma. Huko Marekani, ambako hesabu za magonjwa hutunzwa vyema, huwapata watu 3 hivi kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Huku kwetu wapo wanaozikwa bila kichwa kupigwa picha hata mara moja, jamaa wakisema ni kiharusi, au ni mkono wa mtu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo ninaloliona hapa Eldoret na viungani mwake. Ugonjwa huu ukishatajwa tu, haipiti siku tatu kabla ya jamaa kuketi. Kikundi cha WhatsApp kinaundwa, tarehe ya harambee inawekwa, na mtu mmoja anatumwa kabatini kuitafuta hati ya shamba. "Apelekwe India," wanasema. Sina ugomvi na India. Hospitali za kule ni nzuri na zimewafaa Wakenya wengi. Walakini kwa ugonjwa huu mahususi ningependa ujue unachokinunua kabla hujaitia sahihi karatasi ya kuuza ekari mbili. Matibabu makuu ni matatu: upasuaji, mionzi, na vidonge vya temozolomaidi. Yote matatu yanapatikana Kenya.

Dalili za kutilia shaka

Kuumwa na kichwa peke yake si dalili ya uvimbe. Wengi wanaonijia wakilalamikia kichwa wana mawazo mengi, kipandauso, macho yanayohitaji miwani, au malaria. Kinachonifanya nisimame ni maumivu mapya kwa mtu ambaye hakuwa nayo, yanayozidi alfajiri anapoamka, yakiandamana na kutapika, na kuongezeka juma baada ya juma. Kinachonishtua zaidi ni mtu mzima wa miaka 40, 50 au 60 anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Huyo asipewe vidonge vya kifafa na kuambiwa aende nyumbani. Ni lazima apigwe picha ya kichwa.

Kadhalika mkono au mguu wa upande mmoja unaolegea polepole kwa majuma. Kiharusi, kwa kawaida, huja kwa ghafula. Maneno huweza kupotea mdomoni, na mgonjwa akaita kikombe "kile cha chai". Kisha kuna mabadiliko ya tabia, ambayo huwapotosha watu kuliko yote. Mzee aliyekuwa mpole anageuka mkali. Mwalimu aliyekuwa nadhifu anaacha kuoga na wala hajali. Hapa ndipo wengine hupelekwa kwa waganga, na wengine kwa maombi. Maombi sina neno nayo, lakini mpigeni picha kwanza, kisha mumwombee mkijua mnaombea nini.

Mara kwa mara huulizwa kama ni simu ya mkononi inayoleta uvimbe huu. Simu zimeenea duniani tangu miaka ya 1990, na katika nchi zinazotunza takwimu idadi ya wagonjwa haikupanda pamoja nazo. Kinachojulikana kuongeza hatari ni mionzi mikali iliyopigwa kichwani miaka ya nyuma, pamoja na magonjwa machache ya kurithi. Wagonjwa walio wengi hawana sababu yoyote inayojulikana. Si kosa la mgonjwa, si kosa la mkewe, na hauambukizwi kwa kula sahani moja.

Picha haitoshi

Tuseme picha imepigwa na imeonyesha uvimbe. Hapa nchi yetu inatofautiana na vitabu vya Ulaya, na naomba usome pole pole.

Kwenye picha ya CT au MRI, glioblastoma aghalabu huonekana kama pete: ukingo unaong'aa na katikati palipooza. Basi pete ya namna hiyo hiyo huweza kuletwa na magonjwa mengine kadhaa ambayo kwetu si haba. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka huweza kupata toksoplasmosi ya ubongo, ambayo hutibiwa kwa vidonge, na mara nyingi mgonjwa huonyesha nafuu katika majuma mawili hivi. Kifua kikuu huweza kupanda kichwani na kufanya donge. Usaha huweza kujikusanya kutokana na sikio bovu la miaka mingi. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa kwa maji au mboga chafu, mabuu yake huenda kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Na mara nyingi uvimbe wa kichwani ni mtoto tu wa saratani iliyoanzia kwingine, kama vile titi au pafu.

Kwa hivyo mtu asikubali kuambiwa "hii ni saratani, nendeni mkajipange" kwa sababu ya picha peke yake. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kifanywe, kifua kipigwe picha, kisha daktari mpasuaji wa ubongo achukue kipande cha nyama ya uvimbe kipelekwe maabara. Uvimbe ukiwa mahali pa ndani mno pasipoweza kupasuliwa, kipande hicho huweza kuchukuliwa kwa sindano kupitia tundu dogo la fuvu. Karatasi ya matokeo ya nyama ndiyo kitambulisho cha ugonjwa. Itoeni nakala tatu, na moja ikae nyumbani.

Kuna kipimo kingine cha maabara ambacho si wengi wanaokijua. Katika mpangilio wake wa mwaka wa 2021, Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba jina glioblastoma kwa watu wazima litumiwe kwa uvimbe ambao jeni yake iitwayo IDH haijabadilika. Ule uliobadilika una jina lingine, na mwenye nao kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Basi kijana wa miaka 30 aliyeambiwa ana glioblastoma ana haki ya kuuliza, "Je, IDH yangu ilipimwa?" Jibu lake huweza kubadilisha hesabu kutoka miezi kuwa miaka. Kipimo hiki kinahitaji kipande kile kile cha nyama, na nyama husafiri kwa bei nafuu kuliko mgonjwa.

Sangari la ubongoni

Kila mkulima wa Uasin Gishu anajua sangari. Unaling'oa lote ukaona udongo mtupu, unapanda mahindi yako, na baada ya mvua mbili linachipuka tena kutoka kwenye mizizi iliyotambaa mbali na shina. Glioblastoma ndivyo ilivyo. Donge linaloonekana kwenye picha ndilo shina, lakini chembechembe zake zimekwisha kutambaa katikati ya nyama nzuri ya ubongo mahali ambapo jicho la mpasuaji halioni. Mnamo 1928 daktari mmoja mashuhuri wa Marekani, Walter Dandy, alieleza jinsi alivyowatoa wagonjwa wa uvimbe wa aina hii nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia. Hata hilo halikuwaponya.

Hii haina maana kwamba upasuaji ni bure. Kuondoa donge hupunguza msukumo kichwani, maumivu hupungua, mkono uliolegea huweza kupata nguvu, na wanaoondolewa sehemu kubwa zaidi kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi. Lakini mpasuaji mwema hafuati sangari mpaka akang'oa mahindi. Uvimbe ulio penye maneno au penye mwendo hukatwa kwa kiasi, kwa maana mtu aliyeongezewa miezi miwili akiwa hawezi kusema jina la mtoto wake huenda asikushukuru. Muulize daktari wako waziwazi: unatarajia kutoa kiasi gani, na ni kitu gani huenda mgonjwa akapoteza?

Mionzi na vidonge

Baada ya upasuaji watu wengi hudhani kazi imekwisha. Kusema kweli ndiyo kwanza imeanza.

Mwaka wa 2005 madaktari wa Ulaya na Kanada, wakiongozwa na Roger Stupp, walichapisha utafiti wa wagonjwa 573 ambao ndio unaofuatwa duniani hadi leo. Waliopewa mionzi peke yake, nusu yao walikuwa wamefariki ilipofika miezi 12. Waliopewa mionzi pamoja na temozolomaidi, nusu yao walifika miezi 14 na nusu. Utasema ni tofauti ndogo, miezi miwili na nusu. Lakini tazama mbele zaidi: waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa 10 katika kila 100 kwa mionzi pekee, na 26 katika kila 100 kwa wale waliotumia vyote viwili. Baada ya miaka mitano walibaki 2 kwa kundi la kwanza na karibu 10 kwa la pili. Sijazipamba takwimu hizi. Huu ni ugonjwa unaoua, na wachache huishi nao miaka.

Mionzi hupigwa siku 5 kwa juma kwa majuma 6, jumla mara 30. Mgonjwa hutengenezewa kifuniko cha plastiki kinachoshika uso wake asitikisike, analazwa dakika chache, haumii, kisha anakwenda nyumbani. Nywele za sehemu hiyo hutoka na usingizi huwa mwingi. Vidonge hunywewa kila siku katika majuma hayo, tumbo likiwa tupu, baada ya dawa ya kuzuia kutapika. Halafu mgonjwa hupumzika mwezi mmoja, na baadaye hunywa kwa siku 5 katika kila siku 28, mara 6. Damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu vidonge hushusha chembe zinazogandisha damu na zile za kinga. Wakati wa mionzi mgonjwa hupewa pia Septrin ya kumkinga na homa ya mapafu. Mtu asizitupe akidhani ameandikiwa kimakosa. Wake kwa waume wajihadhari na kupata mimba katika kipindi hiki.

Mgonjwa aliyepita miaka 65, au aliye dhaifu, si lazima apitie majuma 6. Kuna ratiba fupi ya mara 15 kwa majuma 3. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba wazee waliopewa ratiba hiyo pamoja na vidonge, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 9, ikilinganishwa na miezi 7 na nusu kwa mionzi pekee. Kwa jamaa wanaotoka Kapenguria au Lodwar, tofauti ya majuma 3 na 6 ya kulala mjini ni fedha nyingi. Ulizeni.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku kwetu alilazimika kupanga foleni katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwa miezi, na wengi walifariki wakingoja zamu. Sasa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa hapa Eldoret, ina wapasuaji wa ubongo, ina kituo chake cha saratani cha Chandaria na ina huduma ya mionzi. Mashine nyingine ziko Nakuru, Mombasa, Garissa na katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, bila kutaja za kibinafsi. Mionzi inafaa ianze majuma 3 hadi 6 baada ya upasuaji. Kwa hivyo ukiambiwa mashine imeharibika au zamu ni ya baada ya miezi mitatu, usikae ukingoje kwa adabu. Omba barua ya rufaa uende kwingine juma hilo hilo. Katika ugonjwa huu muda una thamani kuliko jina la hospitali.

Jambo moja huwatia watu hofu isiyo na sababu. Picha inayopigwa katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi huweza kuonyesha kana kwamba uvimbe umekua, kumbe ni nyama iliyochomwa inayofura, na baadaye hunywea yenyewe. Msiache vidonge kwa sababu ya picha hiyo moja mpaka daktari wa saratani aisome.

Habari ya India

Familia moja ninayoifahamu, wakulima wa mahindi na maziwa, iliuza ekari mbili kati ya tano ili baba apasuliwe ng'ambo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Walirudi na picha kwenye CD na bili ndefu, lakini bila karatasi ya matokeo ya nyama, na hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba kuna majuma 6 ya mionzi mbele. Barua pepe zilipokuwa zikienda na kurudi kutafuta ile karatasi, fedha zilikuwa zimekwisha na miezi mitatu imepita. Uvimbe haukungoja.

Basi kabla ya kununua tikiti, mwambie daktari wako akujibu swali hili bila kuzunguka: ni sehemu gani hasa ya matibabu ya mgonjwa huyu isiyopatikana Kenya? Likiwako jibu la maana, kwa mfano uvimbe uko mahali pagumu panapohitaji chombo fulani, au zamu za huku zote zimejaa, nendeni. Jibu likiwa "kule wako mbele", ongezeni swali la pili: mbele kwa dawa ipi? Nchi tajiri zina vitu vichache vya ziada. Kuna kofia ya umeme ambayo mgonjwa huivaa karibu mchana na usiku. Katika utafiti uliochapishwa 2017, iliwasogeza wagonjwa kutoka miezi 16 hadi karibu 21 tangu walipoandikishwa, lakini bei yake hata bima za Ulaya huilalamikia. Kuna sindano ya bevasizumabu, ambayo tafiti mbili kubwa za mwaka wa 2014 zilionyesha kwamba ikitolewa tangu mwanzo haiongezi muda wa kuishi, ingawa huweza kupunguza kufura kwa ubongo. Uvimbe ukirudi, vipo vidonge vya lomustini, na baadhi ya wagonjwa hupasuliwa tena au kupigwa mionzi mara ya pili. Wala hakuna dawa ya kuponya iliyofichwa katika mji wowote wa dunia hii. Maseneta wawili wa Marekani, Edward Kennedy na John McCain, waliugua ugonjwa huu huu. Kennedy aligunduliwa Mei 2008 akafariki Agosti 25, 2009. McCain aligunduliwa Julai 2017 akafariki tarehe hiyo hiyo ya Agosti 25, mwaka wa 2018. Kila mmoja alipata mwaka mmoja na kitu, na si kwamba walikosa nauli.

Kwa upande wa gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Wakati huo kiwango cha saratani kiliwekwa kuwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na zikiisha, Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu. Viwango hivi hurekebishwa, kwa hivyo uliza dirishani kiasi cha sasa kabla ya kuanza. Mchango lazima uwe umelipwa. Nimewaona watu wakikimbilia kujiandikisha wakati mgonjwa amekwisha kulazwa, na hapo kila siku ina kisirani chake. Fedha za harambee zihifadhiwe kwa yale ambayo bima hailipi: chumba karibu na hospitali kama huna ndugu Langas au Kapsoya, nauli, picha za MRI za kila miezi michache, na mtu wa kukaa na mgonjwa mchana.

Nyumbani

Dawa itakayomfaa mgonjwa upesi kuliko zote, na yenye bei ndogo kuliko zote, ni deksamethasoni. Hupunguza kufura kwa ubongo, na mtu aliyekuwa amelala hana habari huweza kuketi akaomba ugali baada ya siku mbili. Jamaa husema amepona. Hajapona, ila amepata nafasi, na nafasi hiyo itumiwe. Dawa hii ina ubaya wake: sukari hupanda, uso huvimba, usingizi hupotea, mapaja hulegea hadi mgonjwa ashindwe kuinuka kitini. Inywewe asubuhi baada ya kula, kwa kipimo kidogo kinachotosha, na isiachwe ghafula hata siku moja. Ikiisha Ijumaa jioni, tafuteni Ijumaa jioni. Daktari akishuku ile saratani ya tezi iitwayo limfoma, huweza kuichelewesha mpaka nyama ichukuliwe, kwa sababu huufanya uvimbe huo ufifie na kumdanganya mtu wa maabara.

Kifafa huwapata wengi wao. Levetirasetamu ni dawa nzuri kwa sababu haigombani na dawa za saratani kama zile za zamani zinavyofanya. Aliyeanguka kifafa asiendeshe gari, trakta wala bodaboda, asipande darini, asiachwe peke yake karibu na jiko la kuni au mtoni. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, tazameni saa. Msitie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika 5 bila kukoma, mpelekeni hospitali.

Kuna jambo ambalo wazee wetu hulikwepa, nalo ni kusema na mgonjwa mapema. Uvimbe huu huiba maneno na akili kabla ya kuiba uhai. Mambo ya shamba, ya benki, ya mke wa pili kama yupo, ya nani atawalea watoto, yazungumzwe katika miezi ile ya mwanzo akiwa bado anaelewa na sahihi yake ina maana mbele ya wakili. Mama mmoja aliniuliza faraghani, "Daktari, nikimwambia si nitakuwa nimemuua?" Nilimjibu kwamba mumewe alikuwa amekwisha kuniuliza mimi swali lile lile kumhusu yeye: alijua, na alikuwa akiogopa kumwambia mkewe. Watoto nao waelezwe kwa maneno yao. Baba akiwakaripia bila sababu, waambiwe ni ugonjwa unaosema.

Msingoje hadi mwisho ndipo mtafute huduma ya kupunguza maumivu. Wengi husikia neno hosipisi wakadhani ni nyumba ya kwenda kufia. Kazi ya hosipisi ilianza nchini mwaka wa 1990 kwa kuanzishwa kwa Nairobi Hospice, na sisi hapa tunayo Eldoret Hospice. Kule Kipkaren kuna Kimbilio, ambako mgonjwa huweza kulazwa. Wauguzi wao hufundisha jamaa kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda, kumlisha uji mzito akianza kupaliwa, na kupanga dawa. Anaweza kuwa anapigwa mionzi na huku anahudumiwa nao, hakuna anayekatazwa. Maumivu yakizidi, mofini ya maji ya kunywa ipo na ni ya bei nafuu. Ikitolewa kwa kipimo haimgeuzi mtu mlevi wa dawa wala haimuui, ila tu mpewe na dawa ya kulainisha choo, kwa maana hufunga tumbo. Anayemuuguza naye alale. Pangeni zamu kama mnavyopanga zamu za kukama.

Katika siku za mwisho mgonjwa hulala zaidi na zaidi, mara nyingi bila maumivu makubwa. Akishindwa kumeza, dawa za kifafa zisiachwe. Mwulizeni muuguzi wa hosipisi mapema juu ya zile zinazowekwa shavuni au kupitishwa njia ya haja kubwa, na mzihifadhi nyumbani kabla hazijahitajika. Andikeni nambari ya simu ya muuguzi huyo ukutani kwa herufi kubwa, ili yeyote atakayekuwa zamu usiku huo, hata akiwa mtoto wa darasa la nane, aione.